Miezi mitano ya kubishana juu ya Wainwright: tulipokosea, na cha kutazama safari nyingine

Mabishano haya humfika kila shabiki wa besiboli siku timu yake inapozama. Mrushaji mkongwe anachapwa kila akipanda kichuguuni, pale pa kurushia mpira, na kila mtu ana dawa. Mpumzisheni. Mpelekeni akiba. Mwacheni amalize, amestahili. Mwaka 2023 sisi tunaoipenda St. Louis Cardinals tulibishana hivyo juu ya Adam Wainwright tangu Mei mpaka Septemba, na nusu ya maneno tuliyotoa hayakuwa na faida kwa yeyote. Tulikosana na watu tunaowaheshimu. Tulimtukana meneja kwa mambo ambayo hayakuwa mikononi mwake. Kila mwaka kuna timu inayopita njia ileile, kwa hiyo naweka hapa tulivyopita sisi, na mahali tulipoanguka.

Kwa aliyekulia kwenye soka, kwanza kazi yenyewe. Timu huwa na warushaji wa kuanza watano wanaopokezana. Kila mmoja hurusha siku yake, kisha hupumzika siku nne au tano. Msimu una mechi 162, hivyo mtu mzima wa afya huanza mechi kama 32. Siku yake anatarajiwa kurusha mipira 90 hadi 100 na kumaliza inningi, yaani vipindi, tano au sita kati ya tisa za mechi. Zinazobaki hubebwa na warushaji wa akiba, wale wanaokaa bulipeni. Kikosi kizima ni watu 26, na warushaji kati yao hawaruhusiwi kuzidi 13. Shikeni hiyo namba 13, maana ndiyo tuliyokuwa tunaisahau kila tulipofungua mdomo.

Wainwright hakuwa mzee wa kuokotwa. Oktoba 2006, akiwa bado kijana, ndiye aliyemtoa Carlos Beltrán wa New York Mets kwa mpira wa kupinda, besi zote, vile vituo vya kukimbilia, zikiwa na watu, mechi ya saba ya kuwania fainali, Beltrán amesimama tu anautazama unavyoshuka. Wiki iliyofuata alifunga kazi dhidi ya Detroit na Cardinals wakawa mabingwa. Yeye na mdakaji wake, yule anayepokea mipira yake, Yadier Molina, walianza pamoja mechi 328, rekodi ambayo hakuna jozi nyingine iliyoifikia. Alipoingia 2023 alikuwa na ushindi 195 na mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 17.5, na alishatangaza kwamba ndio mwaka wake wa mwisho. Alibakiza ushindi mitano afike 200. Namba hiyo ndiyo iliyotutia upofu, waliompenda na waliomchoka.

Kosa letu la kwanza tulilifanya kabla hata mpira haujarushwa. Molina alikuwa amestaafu, na Albert Pujols naye, homurani zake 703, mapigo ya kuvuka uzio, mkononi. Tulishangilia kwamba angalau Waino, ndivyo tulivyomwita Wainwright, anarudi. Klabu ilimchukua Willson Contreras awe mdakaji mpya, miaka mitano kwa dola milioni 87.5, na majira yale ya baridi haikuongeza mrushaji wa kuanza hata mmoja. Tukapiga makofi. Hakuna aliyeuliza: mtu wa miaka 41 akiumia, wa sita ni nani? Na wa saba? Timu nyingi hutumia warushaji wa kuanza kumi au zaidi kabla msimu haujaisha, kwa sababu mabega na viwiko haviendi kwa ratiba. Ukitaka kujua kama mkongwe wako atakuwa baraka au mzigo, fanya hesabu mwezi Januari. Andika majina ya walio na uwezo wa kufikisha inningi 150, halafu andika watatu wanaofuata. Ukikwama kwenye jina la sita, tatizo la Julai umeshaliona.

Machi aliumia msuli wa paja kwa ndani, karibu na kinena, baada ya kuichezea Marekani kwenye mashindano ya dunia. Siku ya ufunguzi, tarehe 30 Machi, alisimama Busch Stadium akaimba wimbo wa taifa badala ya kurusha. Wengi tulisema ni jeraha dogo, si bega wala kiwiko. Hapo ndipo ilipotakiwa tusikilize zaidi. Mrushaji wa mkono wa kulia husukuma ardhi kwa mguu wa kulia, ananyosha hatua ndefu kuelekea kwa mpigaji, anatua kwa wa kushoto. Nguvu hutoka miguuni, ikapita kiunoni, ndipo mkono uipokee. Kinena kikikaza, hatua hufupika. Hatua ikifupika, mpira huachiwa mapema na juu zaidi, na ule uliokusudiwa kushuka kwenye magoti unabaki usawa wa mkanda. Kwa kijana anayerusha kilomita 155 kwa saa, kosa la sentimita chache bado linaweza kumpita mpigaji. Kwa mtu wa kilomita 139, mpira huo unaokotwa nje ya uzio.

Namba hiyo 139 ndiyo kasi aliyokuwa nayo mwaka ule kwenye mpira wake wa kuzama. Enzi zake alikuwa karibu 146, na wastani wa mpira wa kasi kwenye ligi siku hizi uko kama 151. Mpira wake wa kupinda, ule uliomzimisha Beltrán, ulikuwa ukija kwa kilomita 113 hadi 115. Zamani tofauti kati ya mipira hiyo miwili ilikuwa inamchanganya mpigaji. Mpira wa kasi ulipopungua, mpigaji akawa na muda wa kusubiri yote miwili.

Alirudi tarehe 6 Mei. Usiku ule timu ilipoteza tena na kufika ushindi 10, vipigo 24. Tulitaka mkombozi, na kwa wiki sita tulidhani tumempata, kwa sababu mpaka tarehe 17 Juni, alipowafunga Mets, rekodi yake ilisoma ushindi mitatu na kipigo kimoja. Ushindi 198. Wenzetu waliokuwa wakisema mzee hana kitu walinyamazishwa kwa hiyo 3 kwa 1, tena kwa ukali. Lakini wao ndio walikuwa wanatazama mahali sahihi.

Ushindi wa mrushaji ni hesabu ya ajabu. Mrushaji wa kuanza anaupata akimaliza inningi tano, timu yake ikiwa mbele anapotoka, na waliomfuata wasiupoteze uongozi huo. Wapigaji wake wakifunga mikimbio minane, ndiyo mabao ya besiboli, yeye anaweza kuruhusu mitano akaondoka mshindi. Mwaka uleule, jimbo lilelile la Missouri, kilomita mia nne hivi kutoka St. Louis, Kansas City Royals walikuwa na mkongwe wao, Zack Greinke, miaka 39. Alimaliza na ushindi 2, vipigo 15. Ukisoma hapo tu utasema amekwisha kuliko Wainwright, aliyemaliza 5 kwa 11. Sasa soma mikimbio waliyoruhusu kwa kila inningi tisa: Greinke 5.06, Wainwright 7.40. Na Greinke alirusha inningi 142, mwenzake 101. Greinke alikuwa mrushaji wa kawaida kwenye timu iliyopoteza mechi 106. Wainwright alikuwa anabebwa na wapigaji wake, kisha wakachoka kumbeba.

Kwa hiyo tulipaswa kutazama nini mwezi Mei? Kwanza waliotolewa kwa straiki tatu, yaani walioshindwa na mpira mara tatu. Huyo ndiye mpigaji pekee asiyekuletea hatari, kwa sababu mpira haukuingia uwanjani. Wainwright alitoa 55 ndani ya inningi 101, yaani mmoja kila inningi mbili, wakati mrushaji wa kawaida anakaribia mmoja kila inningi. Wengine wote waliugusa mpira, na mpira ukiguswa unahitaji mlinzi. Hapa pana jambo ambalo wengi hatukulipa uzito. Mwaka huohuo sheria zilibadilika: walinzi wa ndani wakalazimishwa kusimama wawili kila upande wa besi ya pili, kule kuwahamisha wote upande mmoja kukapigwa marufuku. Mrushaji anayeishi kwa mipira ya kuburuza chini ndiye wa kwanza kuumizwa na sheria kama hiyo. Pia ikaja saa ya kurushia, sekunde 15 besi zikiwa tupu, 20 kukiwa na mtu. Kijana anavuta pumzi na kuendelea. Mtu wa miaka 41 baada ya mpira wa ishirini na tano ndani ya inningi moja, sekunde hizo zinamwisha mwilini, na unaiona hatua yake inavyofupika.

Halafu ikaja London. Tarehe 24 Juni, kwenye uwanja uliojengwa kwa Olimpiki ya 2012, Cardinals dhidi ya Chicago Cubs. Kwa sisi wa Afrika Mashariki ilikuwa zawadi: mechi nyingi za St. Louis huanza karibu saa tisa usiku, hii ilianza saa mbili za jioni, watu wameshakula. Wengi waliwaita jamaa zao wasiojua besiboli waje waone. Wakaona mzee mrefu, mita mbili na sentimita moja, akirusha mpira wa kupinda uliokataa kupinda. Ian Happ aliupeleka nje mara mbili. Dansby Swanson naye. Wainwright aliruhusu mikimbio 7, na inningi ya nne hakuimaliza. Mechi iliisha 9 kwa 1. Kilichobaki machoni ni jinsi alivyokuwa akipokea mpira mpya kutoka kwa mwamuzi baada ya kila pigo: anaukanda kwa mikono miwili, anatazama chini, anarudi kwenye kibao kilekile cha kurushia. Hakumgeukia mlinzi yeyote kwa lawama. Kumtetea baada ya hapo kulihitaji moyo, na kumshambulia kulihitaji moyo wa aina nyingine.

Siku kumi baadaye, tarehe 4 Julai, Miami, timu ilichapwa 15 kwa 2 yeye akiwa ndiye aliyeanza. Kesho yake akawekwa kwenye orodha ya majeruhi kwa tatizo la bega la kulia. Hapa tulikosea vibaya kuliko kote. Wengi waliandika kwamba bega ni kisingizio, klabu inamficha. Hatukuwa na ushahidi wowote. Mtu amerusha zaidi ya inningi 2,500 maishani, kasi imeshuka, mpira haushuki, na sisi tunaona ajabu bega lake kuuma? Shabiki akiona mkongwe ameporomoka ghafla, adhanie jeraha kwanza, woga au uzembe baadaye. Mara nyingi mwili umeshasema kabla ya daktari.

Kilio kingine kilikuwa: mpelekeni Memphis, timu ya chini, akajitafute. Haiwezekani hivyohivyo. Mchezaji aliyetimiza miaka mitano ya utumishi kwenye ligi kuu ana haki ya kukataa kushushwa. Aliyetimiza kumi, mitano ya mwisho akiwa klabu hiyohiyo, anaweza kukataa hata kuuzwa. Wainwright alikuwa na haki zote mbili. Kisheria njia zilikuwa nne tu: abaki kwenye mzunguko, aende bulipeni, aingie orodha ya majeruhi ambayo kwa mrushaji ni siku 15 angalau, au aachiwe na alipwe dola zake zote. Ukijua njia ni nne, mjadala unapungua kelele, kwa sababu kila anayesema "aondoke" inabidi ataje mlango.

Bulipeni ndiyo ilipendwa na wengi. Inaonekana ya heshima, mzee anakaa, anaingia inningi moja moja. Ukiipima kwa karibu inavunjika. Mrushaji wa kuanza hujiandaa kwa saa nzima kwa utaratibu wake: ananyoosha misuli, anarusha taratibu masafa marefu, anamaliza kwa mipira thelathini na zaidi kabla ya wimbo wa taifa. Wa akiba hupigiwa simu, anapewa dakika chache, wakati mwingine anaambiwa kaa, halafu simama tena. Bega la miaka 41 halipendi kusimamishwa na kukalishwa. Pili, wa akiba huingia mara nyingi watu wakiwa tayari kwenye besi, na kinachohitajika hapo ni straiki tatu, kitu kilekile ambacho Wainwright hakuwa nacho. Tatu, ile namba 13. Mtu asiyeweza kurusha siku mbili mfululizo anakalia kiti ambacho wengine saba watakilipia kwa mikono yao. Kumpeleka bulipeni kungemwondoa kwenye mzunguko na kuliacha tatizo limekaa palepale kikosini.

Kulikuwa na njia ya katikati ambayo hatukuijadili vya kutosha, nami naamini ilistahili kujaribiwa tangu Juni. Mrushaji wa akiba mwenye kasi afungue inningi ya kwanza, awakabili wapigaji watatu au wanne wa juu, ambao ndio hatari. Mkongwe aingie ya pili, aanze na wapigaji wa chini. Kinachomuumiza mrushaji kama yeye ni kukutana na mpigaji yuleyule mara ya tatu, kwani mpigaji ameshaona mpira wote wa kupinda alio nao. Ukimwingiza ya pili, anaweza kurusha inningi nne na asikutane na wale wa juu mara ya tatu. Njia hii ina gharama yake kwa mtu aliyezoea kufungua mechi kwa miaka kumi na saba, kwa hiyo lazima aulizwe, wala asipangiwe ghafla.

Mwisho wa Julai klabu ilikubali kwamba msimu umekufa. Jordan Montgomery akauzwa Texas Rangers, na miezi mitatu baadaye akawa bingwa nao. Jack Flaherty akaenda Baltimore Orioles, Jordan Hicks na Paul DeJong wakaenda Toronto. Kwa siku tatu mzunguko ulipoteza watu wawili kati ya watano. Mabishano yetu yalipaswa kubadilika siku hiyohiyo, lakini hayakubadilika. Tuliendelea na "anastahili" na "hastahili" wakati swali limekuwa lingine kabisa: zimebaki mechi karibu 55, nani atazirusha?

Hesabu yake si ngumu na mtu yeyote anaweza kuifanya kwa kalamu. Tuseme mkongwe anaruhusu mikimbio 8 kwa inningi tisa, na kijana wa kutoka Memphis angeruhusu 5.5. Tofauti ni 2.5. Kwa mechi ambayo anarusha inningi 5, hiyo ni kama mkimbio 1.4. Mechi tisa, mikimbio 12 au 13. Wataalamu wa takwimu za besiboli hukadiria mikimbio 10 kuwa sawa na ushindi mmoja. Yaani gharama ya kumwacha Wainwright amalize ilikuwa ushindi mmoja na chenji, kwa timu iliyomaliza 71 kwa 91, mkiani mwa kundi lake kwa mara ya kwanza tangu 1990. Ushindi huo mmoja haukubadilisha kitu.

Lakini peleka hesabu hiyohiyo Boston, 2011. Tim Wakefield, miaka 45, mrushaji wa mpira usiozunguka, alipata ushindi wa 199 mwezi Julai. Wa 200 aliupata kwenye jaribio la nane, tarehe 13 Septemba. Red Sox mwezi ule walishinda mechi 7 na kupoteza 20, wakakosa mtoano kwa mechi moja. Simlaumu Wakefield, nafasi zilijaa majeruhi na hakukuwa na wengi wa kumpisha. Ninachosema ni kwamba ushindi mmoja ulikuwa na bei mbili tofauti kabisa. Kwa hiyo kabla ya kubishana juu ya mkongwe, fungua msimamo wa ligi. Timu ikiwa mechi nne nyuma ya nafasi ya mtoano, kila mechi yake ni mali, na heshima isubiri. Ikiwa kumi na tano nyuma, gharama kubwa haipo tena kwenye msimamo. Imehamia bulipeni.

Hapo ndipo tulipaswa kuelekeza macho. Tarehe 11 Agosti, dhidi ya Royals, Wainwright aliruhusu mikimbio 8 ndani ya inningi moja. Wastani wake ulikuwa umevuka 8. Watu walilia kwa ajili yake, na wengine walimcheka. Wachache ndio waliouliza juu ya watu wanne au watano waliolazimika kusimama bulipeni usiku ule kubeba inningi saba zilizobaki. Hao ni vijana wenye mishahara midogo na mikataba isiyo na uhakika. Akirusha mipira 45 leo, kesho na keshokutwa hayupo, na klabu inamshusha Memphis ili ipate mkono mpya. Mzee aliyeharibu anabaki, kijana aliyefagia anaondoka. Waswahili husema ukubwa ni jaa, ila kwenye bulipeni iliyochoka taka humwagikia wadogo. Kama klabu imeamua kumwacha mkongwe amalize, basi siku yake lazima kuwe na mrushaji mmoja aliyepumzika siku tatu, mwenye uwezo wa inningi tatu au nne, na iwe wazi tangu asubuhi kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Ukiwa shabiki, tazama hilo kwanza. Lisipokuwepo, mlaumu meneja kwa haki.

Upande wa vijana nao tuliwasukuma bila kufikiri. Tulidai Matthew Liberatore, Zack Thompson, Drew Rom wapewe zote. Walipewa nyingi, na ni sawa. Lakini kijana aliyerusha inningi 110 mwaka jana huwezi kumtaka 180 mwaka huu kwa sababu wewe umemchoka mzee. Mkongwe kwenye timu iliyokufa ana kazi moja ya maana, kula inningi ili kijana asipasuke kiwiko Septemba. Asipoweza kuzila, yaani akitoka ya pili au ya tatu kila mara, hiyo kazi haifanyi, na hapo ndipo hoja ya kumwondoa inakuwa na nguvu hata kama msimu umekufa. Kipimo changu ni mechi nne. Nne mfululizo bila kufika inningi ya tano, aketi, hata awe na sanamu nje ya uwanja. Agosti, Wainwright alikaribia sana kipimo hicho.

Kati ya tarehe 17 Juni na 12 Septemba aliandikiwa vipigo kumi mfululizo bila ushindi hata mmoja. Alitimiza miaka 42 katikati ya hayo, tarehe 30 Agosti. Kisha akaenda Baltimore, kwa Orioles waliokuwa njiani kushinda mechi 101, akarusha inningi tano na kushinda 5 kwa 2. Wa 199. Inningi ya tano ya mechi zile za mwisho ilikuwa na uzito wake: meneja Oliver Marmol alijua akimtoa baada ya inningi nne na theluthi mbili, hata timu ikiwa mbele, ushindi haumhusu tena. Tulimshutumu Marmol kwamba anacheza na takwimu za mtu mmoja. Ilikuwa kweli, na kwa timu iliyokuwa mkiani sioni alichomnyima mwingine.

Jumatatu tarehe 18 Septemba, Milwaukee Brewers walikuja Busch wakiwa wanaongoza kundi. Huku kwetu ilikuwa karibu saa tisa usiku, na waliokesha hawakuwa na matumaini makubwa. Inningi ya kwanza ikapita. Ya pili. Ukitazama glavu ya mdakaji uliona tofauti: haikusogea. Ilikuwa inawekwa kwenye kona ya chini, na mpira unaingia palepale, polepole, kilomita mia na kitu, wapigaji wanaugeuza chini kwa mlinzi wa pili. Inningi ya nne Contreras, yuleyule aliyeletwa kuziba pengo la Molina, akampiga Freddy Peralta homurani. Moja bila. Wainwright akaendelea ya tano, ya sita, ya saba. Mipira 93, mipigo minne, hakuna mkimbio. Alipotoka uwanja mzima ulikuwa umesimama, na bado palikuwa na inningi mbili za kulinda bao moja. Ryan Helsley akaifunga ya tisa. Ushindi 200. Kwenye historia ya Cardinals waliomtangulia ni Bob Gibson mwenye 251 na Jesse Haines mwenye 210.

Hakurusha tena. Wikiendi ya mwisho, dhidi ya Cincinnati Reds, walimpa gongo akapige badala ya mpigaji wa kawaida, kitu ambacho warushaji hawafanyi tena kwenye ligi ile tangu 2022. Novemba klabu ikasaini warushaji wa kuanza watatu ndani ya mwezi mmoja, Lance Lynn, Kyle Gibson na Sonny Gray. Lynn na Gibson walikuwa na miaka 36 kila mmoja, na watu hawakukawia kuanza kubishana juu yao.